Umeweka maganda, maji bado machafu: namna ya kutafuta tatizo

Kisumu haikosi maganda. Muuza smokie na mayai ya kuchemsha, mama wa chipsi mayai, mtu anayeangua vifaranga: wote jioni humwaga ndoo ya maganda kwenye taka. Ufukweni Dunga na Usoma mawimbi huacha makombe ya konokono na chaza wa ziwani. Walimu wa sayansi, vikundi vya vijana na mafundi wa jua kali wamesikia kwamba vitu hivi husafisha maji, na ni kweli, husafisha. Shida huja baada ya pipa kujazwa maganda na maji kupitishwa ndani yake. Mbona maji yanatoka meupe? Mbona yananuka? Mbona samaki wamekufa, na maabara inasema hakuna kilichobadilika?

Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili unayoiona na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Lakini kuna jambo moja ambalo likieleweka mapema, nusu ya matatizo hayatokei. Ganda si chujio. Mchanga huzuia uchafu kwa kuubana katikati ya punje zake. Ganda hufanya kazi ya kemia. Karibu asilimia 94 ya ganda la yai ni kalsiamu kaboneti, madini yale yale yaliyo kwenye mawe ya chokaa, na makombe ya konokono na chaza yana kiasi hicho au zaidi. Ganda likikutana na maji yenye asidi huyeyuka polepole na kuimaliza asidi hiyo. Likikutana na risasi, shaba au zinki iliyoyeyuka majini, madini hayo huganda juu ya uso wake. Likichomwa hadi likawa chokaa, hushika fosfeti pia. Vijidudu, chumvi, naitreti na dawa nyingi za shambani hupita tu kana kwamba pipa ni tupu.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hujagusa pipa, ni hili: ndani ya maji haya kuna nini? Maji ya mtaro wa gereji si maji ya bwawa la samaki, na maji ya kisima cha Nakuru hayafanani na yoyote kati ya hayo. Asiyejua anachokitafuta atabadilisha maganda mwaka mzima bila kufika popote.

Vifaa vya uchunguzi ni vya bei nafuu: karatasi za kupimia pH (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni kinyume cha asidi), siki nyeupe, ndoo yenye alama za lita, saa, na glasi mbili za kioo. Chukua maji yanayoingia kwenye glasi moja na yanayotoka kwenye nyingine, kwa saa ile ile, uziweke pamoja juu ya karatasi nyeupe. Wengi hupima yanayotoka peke yake, kisha hawana cha kulinganisha nacho.

Maji yanatoka meupe

Pipa likiwa jipya, weupe huo ni vumbi la maganda. Yakitwangwa kwenye kinu au yakipelekwa posho mili hutoa unga mwembamba ambao maji huubeba. Yachekeche, ubaki na punje za ukubwa wa mchele hadi nusu ya punje ya mahindi, kisha uzioshe mpaka maji ya kuoshea yawe angavu. Unga uliobaki usiutupe, kwa maana una kazi yake bwawani, kama utakavyoona mbele.

Weupe ukiendelea hata baada ya kuosha, jaza glasi uiache wazi usiku kucha. Asubuhi tazama mambo mawili. Unga ukiwa umetua chini na maji ya juu ni angavu, hilo bado ni vumbi, rudia kuosha. Lakini ukiona utando mwembamba mweupe umetanda juu ya maji, unaovunjika vipande ukiugusa kwa kidole, hayo ni maji ya chokaa. Hewa ya kaboni dayoksaidi imeingia usiku na kuigeuza chokaa kuwa kaboneti tena. Maana yake maganda yako yalichomwa, kwa kujua au bila kujua, na kuna hatari. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya samaki waliokufa.

Pipa linanuka yai bovu

Chanzo ni ule utando wa ndani ya ganda. Ni protini yenye salfa, na maji yakisimama bila hewa bakteria huuozesha na kutoa gesi hiyo yenye harufu. Pipa lililotumika hadi Ijumaa kisha likasimama hadi Jumatatu ndilo hunuka kuliko yote. Maganda kutoka mashine za kuangulia vifaranga ni mabaya zaidi, kwa kuwa yana damu na mabaki ya mayai yasiyoanguliwa.

Chemsha maganda dakika kumi na tano, yaponde kidogo, uyakoroge kwa nguvu ndani ya ndoo ya maji. Utando hujitenga ukaelea na ganda likazama; mimina maji ya juu pamoja na utando, urudie mpaka usione tena vipande laini. Anika juani hadi yakauke kabisa. Kuchemsha kuna faida nyingine: ganda bichi linaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, na watoto wa klabu ya sayansi ndio huyashika kwa mikono mitupu. Nawa mikono kwa sabuni kila mara.

Na ukichagua makombe ya ziwani badala ya mayai, okota yale makavu yaliyotupwa nchi kavu. Usiingie majini kuvua konokono hai. Konokono wa Ziwa Victoria hubeba vimelea vya kichocho, na mtu huambukizwa kwa kusimama tu ndani ya maji yenye vimelea hivyo. Hakuna pipa la maji linalostahili mtoto kupata kichocho.

Maji hayapiti, au yanapita mbio

Maganda ya mayai yaliyopondwa vibaya hubaki vipande bapa, navyo hulala juu ya vingine kama mabati ya paa. Maji hukwama juu, kisha hupata upenyo mmoja kando ya ukuta wa pipa na yote hukimbilia huko. Juu pipa linaonekana limejaa kazi, kumbe sehemu kubwa ya maganda haijaguswa.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Mimina kikombe cha maji yenye rangi ya chakula juu ya pipa huku maji yakiendelea kupita, uanze kuhesabu. Chukua mfano wa pipa lenye lita 20 za maganda. Takriban nusu ya nafasi hiyo ni mapengo, kwa hiyo lina lita 10 hivi za maji. Likipitisha lita moja kwa dakika, rangi inapaswa kuanza kuonekana vizuri karibu na dakika ya kumi. Ikitokea dakika ya pili, maji yako yana njia ya mkato.

Ponda zaidi, changanya na changarawe ndogo kuvunja ule ubapa, na kama unaweza, geuza mwelekeo: ingiza maji chini kwa bomba, yatoke juu. Maji yanayopanda hujaza pipa zima na hayatafuti upenyo kwa urahisi. Kama maji yanatoka gereji au sehemu ya kuoshea magari, tope na mafuta viondolewe kwanza kwenye mtungi wa kutulizia. Ganda lililopakwa oili ni ganda lililokufa, haliguswi tena na maji.

Asidi haipungui

Hapa ndipo nimeona watu wakikata tamaa, na hapa ndipo ganda husingiziwa zaidi.

Anza na hesabu. Gramu 100 za kalsiamu kaboneti zina uwezo, kwa karatasi, wa kumaliza asidi iliyo katika lita 2,000 za maji yenye pH 3. Maji yakiwa na pH 2 asidi ni mara kumi, kwa hiyo gramu hizo hizo zinatosha lita 200 tu. Ganda la yai moja lina gramu tano au sita. Kwa hiyo yai moja lingeweza kuhudumia lita mia moja hivi za pH 3, lakini kumi tu za pH 2. Kwa vitendo utapata pungufu sana, lakini hesabu hii inakuonyesha kama ulichoweka kinakaribia kutosha au ulijaza kopo moja ukitarajia muujiza.

Hesabu ikiwa sawa na asidi bado ipo, toa punje chache kutoka katikati ya pipa. Zitazame kwenye mwanga wa jua. Zikiwa na rangi ya kahawia au nyekundu ya kutu, chukua moja uivunje kwa meno ya koleo. Ndani utaona weupe safi. Sasa dondoshea siki juu ya sehemu iliyovunjika: itatoa mapovu papo hapo. Dondoshea tone jingine juu ya ile ngozi ya kahawia: kimya, au povu moja moja. Umepata jibu. Ganda halijaisha, limevikwa ngozi ya chuma. Maji yalikuwa na chuma kilichoyeyuka, asidi ilipopungua pale kwenye uso wa ganda chuma kikaganda papo hapo, na ngozi hiyo ikalifungia ganda lisifikiwe na maji.

Ni tatizo linalojulikana popote maji yanapotoka kwenye mawe ya migodi yenye chuma na salfa, na ndilo jambo la kwanza ningelifikiria kwa yeyote anayetaka kujaribu maganda kwenye mabaki ya machimbo kama yale ya shaba ya zamani ya Macalder, Migori. Pipa lililotulia litashindwa haraka. Linalosaidia ni kusuguana: koroga maganda kila siku, au tumia pipa linalozungushwa, ili punje zikwaruzane na ngozi itoke. Tope jekundu linalotoka hapo likusanywe, lisirudishwe mtoni.

Kama ngozi ni nyeupe na ngumu badala ya kutu, asidi yenyewe ni ya salfa, ile ya betri za magari. Ikikutana na kalsiamu hufanya jasi, nayo hujishikiza juu ya ganda. Nami niseme wazi: asidi ya betri isimwagwe ndani ya pipa la maganda hata kidogo. Huchemka na kutoa povu linaloruka usoni, na imejaa risasi. Betri nzee ipelekwe nzima kwa wenye leseni ya kuzichakata. Pipa la maganda ni la maji ya kuoshea sakafu na ya mtaro, yale yaliyozimuka tayari.

Jambo la mwisho hapa: ganda bichi halipandishi pH kupita 8 na kidogo, hata ungeweka gunia zima. Hilo ni jema, maana huwezi kuzidisha kipimo. Lakini pia ina maana kwamba madini kama manganizi, ambayo hutaka pH ya juu zaidi ili yagande, yatakupita.

pH imepanda hadi 11 au 12, samaki wamekufa

Ganda bichi haliwezi kufanya hivyo. Kuna maganda yaliyochomwa humo.

Kalsiamu kaboneti ikipata moto wa nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi hupoteza kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa kali, ile inayochemka ikiguswa na maji. Ikizimwa kwa maji hupandisha pH hadi zaidi ya 12. Chokaa hiyo ina kazi zake nzuri, na kwa fosfeti hulishinda ganda bichi mbali sana. Lakini maji yake yakiingia bwawani huua kwa njia mbili. Kwanza huunguza mashavu ya samaki. Pili, bwawa lolote lenye ngege wengi na chakula kingi lina amonia, na nyingi yake pH ikiwa 7 iko katika umbo lisilodhuru sana. pH ikipanda kupita 9, umbo lile hugeuka kuwa sumu. Ndiyo sababu mfugaji huona samaki wakihema juu ya maji na kufa hata pale ambapo chokaa aliyoweka ilionekana kidogo.

Maji yanayotoka kwenye pipa la chokaa yaachwe kwanza kwenye beseni pana, wazi, yakichezewa na hewa, na yapimwe kila mara. Yasielekezwe mtoni wala bwawani kabla ya kushuka chini ya 9. Kwa bwawa lenyewe, kama udongo wake ni wa asidi, tumia ule unga wa maganda mabichi uliouchekecha mwanzoni. Hufanya kazi polepole na hauwezi kuruka hadi 12.

Wakati wa kuzima chokaa vaa miwani ya kazi na glavu, mimina chokaa ndani ya maji kidogo kidogo, usimwage maji juu ya chokaa. Watoto wakae mbali. Chokaa ikiingia jichoni huunguza, na jicho likiharibika halirudi.

Nimeyachoma lakini hayafanyi kazi ya chokaa

Tatizo la kinyume, na ni la kawaida zaidi. Jiko la mkaa la nyumbani bila kupulizwa mara nyingi halifiki moto unaotakiwa. Ovyo kabisa ni oveni ya jikoni, ambayo huishia nyuzi mia mbili na kitu. Maganda hutoka meusi. Weusi ule ni utando ulioungua, na chini yake kaboneti ipo vile vile ilivyokuwa. Tanuru la mhunzi lenye feni linafika.

Pima kwa mizani. Kilo moja ya kalsiamu kaboneti ikichomwa ikaisha hubaki gramu 560. Zile 440 zimekwenda hewani. Ukiweka kilo ukatoa gramu 900, umekausha maganda tu. Kisha tia punje moja iliyopoa kwenye maji kidogo: chokaa ya kweli hutoa joto, hupasuka na kuwa unga. Ambayo imekaa pale imelowa tu haijaiva. Na uihifadhi kwenye mkebe unaofunga vizuri. Ikiachwa wazi hunyonya unyevu na kaboni dayoksaidi na kurudi polepole ilikotoka.

Floraidi haishuki (Nakuru, Njoro, Gilgil na kwingineko Bondeni)

Ndugu wa Nakuru, hili ni lenu, na naomba mlisome mpaka mwisho. Mawe ya volkano ya Bonde la Ufa huachia floraidi kwenye maji ya visima, na katika visima vingi hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachokubalika kwa maji ya kunywa. Meno ya kahawia ya watoto ni alama yake inayoonekana. Ikizidi kwa miaka mingi hufika kwenye mifupa, na mtu mzima hushindwa kuinama.

Wengi wamesoma kwamba kalsiamu hushika floraidi, wakaona maganda yana kalsiamu, wakajaza ndoo. Mantiki si mbaya. Kalsiamu na floraidi kweli huungana. Lakini kiungo hicho chenyewe huyeyuka majini kiasi, na kiasi hicho, katika maji yasiyo na kalsiamu ya ziada, huacha floraidi ya miligramu 8 hivi kwa lita. Kama kisima chako kina miligramu 5, ganda halina hata pa kuanzia. Kama kina 20, chokaa inaweza kuishusha sehemu ya njia, kisha itakwama mbali kabisa na 1.5. Kuongeza maganda hakusaidii. Kuchemsha maji ndiko kubaya zaidi: mvuke huondoka, floraidi hubaki, na maji yaliyobaki huwa na nyingi kuliko mwanzo.

Kinachofanya kazi ni taka nyingine kabisa ya jikoni na buchani: mifupa. Mfupa umejengwa kwa kalsiamu pamoja na fosfeti, na ukichomwa kwa hewa kidogo hadi kuwa mkaa, huipokea floraidi na kuachia kitu kingine mahali pake. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imetengeneza na kusambaza vichujio vya mkaa wa mifupa kwa miaka mingi, kwa hiyo ujuzi uko hapo hapo karibu nanyi. Siwashauri mchome mifupa nyuma ya nyumba na kunywa maji yake. Moto ukiwa mdogo, maji hupata ladha na harufu ya nyama. Ukizidi, mfupa huwa mweupe na hupoteza nguvu zake nyingi. Anayejua kazi huutafuta moto wa katikati, na hupima kila shehena.

Na kichujio cha mifupa huchoka kimya kimya. Siku inapoisha nguvu, maji ni angavu yale yale, na ladha ni ile ile. Ni kipimo cha floraidi tu kitakachokuambia. Aliyekiuzia kichujio akuambie kinapimwa lini na nani, na asipojua jibu, tafuta mwingine.

Yeyote anayewaza kujaribu maganda kwenye maji ya Ziwa Nakuru lenyewe aokoe nguvu zake. Ni ziwa la magadi lenye pH karibu na 10. Kaboneti haina asidi ya kuila pale.

Mwani haupungui, fosfeti iko pale pale

Tukirudi Kisumu. Ghuba ya Winam hupokea fosfeti kutoka mashambani, kwenye maji taka na kwenye sabuni, nayo hulisha mwani wa kijani na gugumaji. Ganda bichi hushika fosfeti kidogo na polepole; ukitaka matokeo ya maana tumia maganda yaliyochomwa vizuri, upate lile tope jeupe la kalsiamu na fosfeti linalotua chini. Kama hakuna tope, hakuna kilichotokea. Na pima kwenye mdomo wa mtaro wako, si ziwani. Pipa moja kwenye maji ya kufulia ya nyumba kumi ni kazi ya maana, lakini mabadiliko yake huyatafuti kwa kutazama ghuba.

Maji ni angavu, pH ni nzuri, watu wanaharisha

Maganda hayaui vijidudu. Kisumu inakijua kipindupindu, tusidanganyane. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, hata yakiwa yamepita kwenye maganda mazuri namna gani. Na kumbuka kuwa klorini hudhoofika pH ikipanda juu ya 8, kwa hiyo maji yaliyopita kwenye chokaa yatakula dawa yako bila kukulinda ipasavyo. Pipa la maganda ni la maji yanayorudi kwenye mazingira. Lisiwe chanzo cha maji ya nyumbani.

Lilifanya kazi, sasa halifanyi

Kwa asidi, utaona kwa karatasi ya pH: rangi inaanza kurudi nyuma siku hadi siku, na maganda yanapungua kimo ndani ya pipa. Ongeza mapya.

Kwa risasi, shaba na kadimiamu huoni kitu. Hapa karatasi ya pH haikusaidii, kwa sababu uso wa ganda unaweza kujaa madini huku pH ikibaki nzuri. Kiwango cha risasi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, kiasi ambacho hakuna jicho wala ulimi unaoweza kukitambua. Peleka sampuli mbili, ya kuingia na ya kutoka, kwenye maabara iliyoidhinishwa. Tumia chupa watakazokupa wao, uandike tarehe, saa na mahali. Fanya hivyo pipa likiwa jipya, kisha tena kila unapokaribia kubadilisha, mpaka ujue pipa lako huchoka baada ya lita ngapi. Baada ya hapo badilisha kabla ya kufika kiasi hicho.

Maganda yaliyotumika yaende wapi

Hili halina dalili, ndiyo maana linanitia hofu kuliko yote hapo juu. Magharibi mwa Kenya kila mtu anajua kwamba ganda la yai husagwa likachanganywa na chakula cha kuku ili watage mayai yenye ganda gumu. Kikundi kinamaliza mradi wa gereji, pipa lina kilo thelathini za maganda yanayoonekana safi, na jirani anafuga kuku. Risasi iliyotolewa majini iko juu ya maganda hayo. Kuku atayala, risasi itaingia kwenye mwili wake na kwenye yai, na yai litaliwa na mtoto. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia wakazi sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Fedha haziondoi risasi kwenye ubongo wa mtoto.

Kwa hiyo maganda yaliyopitisha maji ya gereji, ya fundi wa betri, ya fundi wa redieta, ya maabara ya shule au ya machimbo yatiwe kwenye mtungi unaofungwa, yaandikwe kwa rangi isiyofutika SUMU, RISASI, SI CHAKULA CHA KUKU, na yakabidhiwe kwa mbebaji wa taka hatari mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Yasifukiwe shambani, yasichomwe.

Yale yaliyoshika fosfeti ya maji ya kufulia tu, au yaliyokula asidi isiyo na madini, ni habari tofauti kabisa. Udongo wa sehemu nyingi za Kakamega, Vihiga na Siaya una asidi na una upungufu wa fosforasi, na tope hilo jeupe lina dawa ya yote mawili. Lianike hadi likauke, lipime kwanza: changanya kijiko kimoja na kikombe cha maji, na pH ikiwa bado juu ya 9 liache hewani wiki chache zaidi huku ukiligeuza. Kisha litawanye shambani kabla ya kulima, si juu ya mimea iliyokwisha ota. Mapipa ya aina hizi mbili yawe na rangi tofauti tangu siku ya kwanza, na koleo la moja lisiingie kwenye jingine.